Wosia uliosainiwa Mombasa una nguvu Tanga?

Barua za toleo hili zimetoka Tanga mjini, Muheza na Pongwe. Nyingi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: marehemu aliacha wosia, lakini wapo ndugu wanaosema ulisainiwa mahali pasipostahili, au sahihi imekaa pasipo pake. Tumezijibu tukitazama sheria za Tanzania Bara, kwa sababu ndizo zitakazotumika kwa mali iliyoko huko.

SWALI: Assalaam aleikum. Marehemu baba yetu aliacha nyumba barabara ya 12, Ngamiani, na shamba la minazi Tongoni. Mwaka jana tulimpeleka Mombasa kwa matibabu. Alipotoka hospitali alikaa kwa dada yake Likoni, na hapo akaandika wosia kwa mkono wake. Alitia sahihi mbele ya majirani wawili na mume wa shangazi. Alifariki wiki chache baada ya kurudi. Sasa ami zetu wanasema karatasi ile ni bure: haikusainiwa Tanga, haina muhuri wa wakili, na mali iko Tanzania. Je, ni kweli? (Mtoto wa kwanza, Ngamiani)

JIBU: Wa aleikum salaam, na poleni kwa msiba. Kwa hoja ya mahali, ami zenu hawana haki. Tanzania Bara mirathi inaongozwa na mojawapo ya sheria tatu: ya Kiislamu, ya mila, au Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo ilirithiwa tangu ukoloni na bado inatumika kwa wale ambao maisha yao hayafuati mila wala Uislamu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema wosia usainiwe mji fulani, ofisi fulani au mbele ya hakimu. Zote zinauliza aliyesaini ni nani, alikuwa na akili timamu, alisaini kwa hiari yake, na nani walishuhudia.

Mahakama huchagua sheria kwa kuangalia mwenendo wa maisha ya marehemu pamoja na nia yake. Baba yenu alikuwa Mwislamu, na mkithibitisha kwamba aliishi hivyo (ndoa yake, ibada zake, hata alivyozikwa), wosia wake utapimwa kwa sheria ya Kiislamu. Sheria hiyo haina masharti mengi ya umbo. Wosia hata wa mdomo hukubaliwa, na mashahidi wawili wanaoaminika wanatosha. Tena Qur'ani yenyewe, Sura ya Al-Maida aya ya 106, inamzungumzia mtu anayefikwa na mauti akiwa safarini na namna ya kushuhudisha wosia wake hukohuko. Basi mtu akiwaambia kwamba wosia wa safarini haufai, mwonyesheni aya hiyo.

Muhuri wa wakili nao si sharti la kuupa wosia nguvu. Wakili anasaidia kwa sababu ni shahidi asiye na maslahi na anajua kuandika bila utata, lakini asipokuwepo wosia hauanguki. Vilevile na muhuri wa serikali ya mtaa: ni ushahidi mzuri wa tarehe, basi.

Kuhusu mali kuwa Tanzania, hoja hiyo inawasaidia ninyi. Ardhi na nyumba hufuata sheria ya nchi ziliposimama. Nyumba ya Ngamiani na shamba la Tongoni vinahukumiwa na sheria za Tanzania hata kama kalamu iligusa karatasi Likoni. Mngehitaji kuvuka mpaka kama baba angekuwa na kiwanja hukohuko Likoni, maana uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo ya Tanga peke yake haubadilishi jina kwenye hati ya Kenya. Hata hapo, mahali pa kusaini hapaleti shida kubwa: kifungu cha 16 cha Sheria ya Urithi ya Kenya kinautambua wosia uliofuata sheria ya mahali uliposainiwa, au mahali mali ilipo, au nchi ya makazi ya marehemu, au nchi ambayo alikuwa raia wake. Ila sheria hiyo ya Kenya ina utaratibu wake kwa Waislamu, na mirathi yao huko hupelekwa Mahakama ya Kadhi.

Sasa tuseme yale ambayo ami zenu hawakuyasema, maana hapo ndipo wosia unapoweza kupungua. Kwanza, Mwislamu anausia thuluthi (sehemu moja kati ya tatu) ya mali yake tu, baada ya gharama za maziko na madeni. Pili, hausii kwa mrithi wake, isipokuwa warithi wenzake wakiridhia baada ya yeye kufa. Kama karatasi ya Likoni inasema "nyumba nampa mwanangu wa kwanza," neno hilo halitasimama bila ridhaa ya mama, ndugu zako na warithi wengine. Tatu, alichokigawa mtu akiwa katika maradhi yaliyomuua, hata akikiita zawadi, huhesabiwa kama wosia na huingia kwenye thuluthi ileile. Msiende mahakamani mkitetea mahali pa kusaini huku hamjasoma vizuri kilichoandikwa.

Jambo la kufanya wiki hii ni kuwafikia wale mashahidi watatu. Mume wa shangazi si mrithi wa baba yenu, kwa hiyo ushahidi wake hauna dosari hiyo. Ubaya ni umbali. Shahidi aliye ng'ambo ya mpaka wa Horohoro akihama, akiugua au akifa, mnabaki na sahihi isiyo na mtu wa kuisimamia. Pateni majina yao kamili, namba za vitambulisho na simu, na waandike kila mmoja alichokiona: siku gani, nani alikuwepo, baba alikuwa katika hali gani, aliandika mwenyewe au aliandikiwa. Hakimu atataka kuwasikia, hivyo wajiandae kuja. Hifadhini pia karatasi za hospitali za siku zile. Zinaonyesha kwamba kweli alikuwa Mombasa, na kama alikuwa na fahamu zake au alikuwa kwenye dawa nzito. Wosia wenyewe msiupige lamineti, msiutoboe, msiandike chochote juu yake hata kwa penseli. Utakaopelekwa mahakamani ni ule wa asili; toeni nakala za kusoma nyumbani.

SWALI: Mama yetu alikuwa mwalimu mstaafu, Mkristo, aliishi Chumbageni maisha yake yote ya kazi na hakufuata mambo ya ukoo. Wosia wake una kurasa tatu, mwandiko wake. Jina na sahihi vipo juu ya ukurasa wa kwanza, na sahihi nyingine pembeni mwa ukurasa wa pili alipokata mstari mmoja. Mwishoni zipo sahihi za mashahidi wawili, yake haipo. Bahasha imeandikwa "Wosia wangu" na ina sahihi. Kaka yetu anasema haukusainiwa. (Mabinti wawili, Chumbageni)

JIBU: Kwa maelezo yenu, mahakama inaelekea kutumia Sheria ya 1865, na kifungu chake cha 50 ndicho cha kusoma. Kinataka sahihi au alama ya mwenye wosia ikae mahali ambapo itaonekana kwamba alikusudia kuyapa maandishi yale nguvu ya wosia. Hakisemi chini, hakisemi mwisho. Maneno hayo yalichaguliwa makusudi. Uingereza, sheria ya mwaka 1837 ilidai sahihi iwe mwishoni kabisa mwa maandishi, na wosia za watu waliokuwa na nia safi zikaanguka kwa sababu ya nafasi ya wino. Bunge lao lililegeza mwaka 1852, na mwaka 1982 likaliondoa sharti hilo.

Kwa hiyo sahihi ya juu inaweza kutosha. Kinachotazamwa ni kama kuandika na kusaini vilikuwa tendo moja. Mama akikaa mezani, akaandika jina lake juu, akatia sahihi, akaendelea hadi ukurasa wa tatu na kuwaita mashahidi papo hapo, ni rahisi kuonyesha kwamba sahihi ile ilikusudiwa kubeba yote. Akisaini Januari na kuongeza ukurasa wa tatu mwezi Juni, sahihi ya Januari haiwezi kuupa nguvu ukurasa ambao haukuwepo. Tazameni wino, aina ya karatasi, na sentensi inayovuka kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine: ikivuka, ni dalili njema kwamba kurasa ziliandikwa pamoja.

Mashahidi ndio uti wa mgongo wa kesi yenu. Kila mmoja awe alimwona mama akisaini, au mama mwenyewe alimwonyesha sahihi na kumwambia "hii ni yangu", kisha shahidi akasaini mbele ya mama. Kama waliletewa karatasi iliyokunjwa, sahihi ya mama ikiwa ukurasa wa kwanza wasiouona, na wakasaini chini bila kujua chochote, hapo kaka yenu ana hoja nzito. Waulizeni mapema, na msiwafundishe la kusema.

Sahihi ya pembeni ukurasa wa pili ina kazi yake peke yake. Mabadiliko yoyote yaliyofanywa baada ya wosia kukamilika hayana nguvu mpaka mwenye wosia na mashahidi watie sahihi karibu nayo, pembeni au penye maelezo yanayoyataja. Kama yeye peke yake ndiye aliyesaini pale alipokata, na alikata baadaye, mstari ule unarudi kama ulivyokuwa iwapo bado unasomeka. Wosia uliobaki hauathiriki.

Bahasha iwe kimbilio la mwisho. Kalamu iliyoandika "Wosia wangu" huenda ilikuwa inatambulisha tu kilichomo ndani. Msijenge hoja nzima juu yake, lakini msiitupe.

SWALI: Shikamoo. Babu yetu wa Muheza hakujua kusoma. Aliandikiwa wosia na karani kwa kufuata mila zetu za Kibondei, akaweka dole gumba. Karani akaupitisha nyumba kwa nyumba, mashahidi wawili wakasaini makwao kwa siku mbili tofauti. Wote ni wa ukoo. Bibi alikuwa ndani siku hiyo lakini hakuitwa. Unafaa? (Mjukuu, Muheza)

JIBU: Marahaba, mjukuu. Kwa mila, hapana, na haufai kwa zaidi ya sababu moja. Kanuni za mila zilizotangazwa serikalini mwaka 1963 ni kali kuliko Uislamu na kuliko sheria ya 1865. Asiyejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Ninyi mna wawili tu na hakuna mtu baki. Mashahidi wawe pamoja kwa wakati mmoja, wenu walitawanyika. Mke aliyeko nyumbani wakati wosia unafanywa ni lazima ashuhudie pamoja na wengine, bibi hakuitwa. Laiti babu angejua kusoma na kuandika, mashahidi wawili wangetosha, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki.

Hapa ndipo "mahali" panapoleta madhara ya kweli. Madhara hayatokani na mji. Yanatokana na kuizungusha karatasi ili kuwaepushia watu usumbufu wa kukusanyika, na karani wengi hufanya hivyo kwa nia njema. Chini ya sheria ya 1865 mashahidi si lazima wawe pamoja, lakini hata huko kila mmoja asaini mbele ya mwenye wosia. Babu hakuzunguka na karani, kwa hiyo hata kwa njia hiyo ungeanguka.

Matokeo yake ni kwamba mali itagawanywa kama ya mtu aliyekufa bila wosia. Msiichane karatasi ile, hata hivyo. Mahakama ya Mwanzo, inapomteua msimamizi wa mirathi, inapaswa kuyatazama matakwa ambayo marehemu aliyaonyesha, na kama babu alimtaja mtu wa kusimamia, jina hilo linaweza kuwa na uzito.

Kwa wanaoandika sasa kwa mila: kalamu ya wino au kupiga chapa, kamwe si penseli. Tarehe iandikwe. Iandikwe pia kwamba ana akili timamu na anafanya kwa hiari. Asiyejua kusaini aweke dole gumba la kulia. Mashahidi wawe wanajua kusoma na kuandika. Anayepewa kitu katika wosia asiwe shahidi. Na ukishaandika, kumbuka wosia wa maandishi haufutwi kwa maneno ya mdomo. Unafutwa kwa maandishi mengine.

SWALI: Marehemu mama yangu mlezi, Mwislamu, hakuzaa. Aliniachia nyumba nzima ya Mabawa kwa wosia wenye mashahidi wawili. Ndugu zake, kaka wawili na dada mmoja, wanasema mimi si damu yake nisipate hata chumba. (Binti wa kulea, Mabawa)

JIBU: Wanakosea, nawe usidai yote. Mtoto wa kulea si mrithi kwa Uislamu, na kwa sababu hiyohiyo anaweza kuusiwa. Kikomo ni thuluthi.

Hesabu yake inakwenda hivi. Tuseme nyumba ina thamani ya shilingi milioni 48 na benki aliacha milioni 6. Jumla ni milioni 54. Toa maziko milioni 1 na madeni milioni 5, zinabaki milioni 48. Thuluthi yake ni milioni 16, na hiyo ni yako. Zinazobaki milioni 32, kama hakuacha mume wala wazazi na ndugu hao ni wa baba na mama mmoja naye, zinagawanywa kwa mafungu matano: kila kaka mawili, yaani milioni 12.8, na dada moja, milioni 6.4. Kwa kuwa fedha za benki zimeishia kwenye maziko na madeni, una theluthi moja ya nyumba. Mnaweza kuiuza na kugawana, mnaweza kupanga vyumba kwa makubaliano, au unaweza kuwanunua wao. Wakiridhia kukuachia zaidi, ridhaa iwe baada ya kifo, kwa maandishi, na kila mmoja ajisemee mwenyewe. Ndugu mmoja akiridhia, ridhaa yake inagusa fungu lake tu.

SWALI: Baba aliishi Pongwe hadi kufa kwake. Ndugu yetu wa baba mmoja amefungua mirathi mahakama ya mwanzo Dar es Salaam anakoishi yeye, akasema hakuna wosia, ameshateuliwa msimamizi. Wosia tunao. (Pongwe)

JIBU: Hapa mahali pana maana, tena kubwa. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya mirathi pale marehemu alipokuwa na makazi ya kudumu wakati wa kifo chake. Makazi ya msimamizi hayahesabiki. Mirathi ya mtu wa Pongwe ifunguliwe kwenye mahakama ya mwanzo ya eneo hilo.

Nendeni mahakama ileile iliyomteua, mwombe uteuzi ubatilishwe. Kanuni za mirathi za mahakama za mwanzo za mwaka 1971 zinaruhusu hilo pale uteuzi ulipopatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo muhimu, na kuficha wosia ni jambo muhimu. Pelekeni cheti cha kifo, barua ya serikali ya mtaa wa Pongwe inayothibitisha alikuwa akiishi hapo, na wosia wa asili mkononi. Mahakama ya Mwanzo inayo mamlaka ya kuamua kama karatasi inayoitwa wosia ni halali au la. Njia nyingine ni kuiomba Mahakama ya Wilaya iliyo juu yake ipitie mwenendo. Hiyo haifanyiki baada ya miezi 12 tangu shauri kumalizika. Aliyekuwa mhusika wa shauri na hakuridhika hukata rufaa ndani ya siku 30. Hesabuni tarehe leo hii, kabla hamjaendelea kusoma.

Wakati huohuo zuieni mali isiuzwe. Nyumba yenye hati, wekeni zuio kwa Msajili wa Hati. Shamba lisilo na hati, andikeni barua kwa uongozi wa mtaa au kijiji, mpate nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ukumbusho: msimamizi anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni mahakamani ndani ya miezi minne. Ombeni kuiona. Mara nyingi ndiyo inayoonyesha kilichofichwa.

Wengi hupoteza muda kwa kupeleka ugomvi wa mirathi Baraza la Kata. Ofisi ya Kadhi ya BAKWATA nayo inaweza kuwasuluhisha na kuwapigia hesabu za mafungu, tena vizuri, ila karatasi yake si amri ya mahakama na haitoshi kubadilisha jina kwenye hati.

SWALI: Nikishaandika niuweke wapi? (Raskazone)

JIBU: RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, hupokea na kutunza wosia, na unaweza kuurudia kuubadilisha wakati wowote ukiwa hai. Wakili au benki pia ni sawa. Kabatini peke yake hapana, maana anayefungua kabati kwanza baada ya msiba anaweza kuwa yuleyule asiyetaka uonekane. Andika nakala mbili za asili, zote zisainiwe kikao kimoja na mashahidi walewale, kila ukurasa uwe na sahihi yako na namba ya ukurasa, "1 kati ya 3" na kuendelea. Taja mji na tarehe ya kusaini. Si sharti la mahali, lakini huzima maswali. Kisha waambie watu wawili ulipo, mmoja wao awe msimamizi uliyemtaja.